Kutoka wodini kwenda wapi: kijijini, kwa ndugu mjini, chumba cha kupanga au kituo cha utengamao?

Daktari alipita asubuhi ya Jumanne, akafungua faili, akasema mdogo wangu yuko tayari kwenda nyumbani. Tulikuwa tumemaliza miezi mitano wodini. Mama alipiga vigelegele, jirani zetu wa vitandani wakatupongeza, nami nikatoka barazani nikaanza kuhesabu ngazi za kila nyumba ninayoijua. Kwetu kijijini Busia, ngazi tatu. Kwa mjomba Kireka, pembeni mwa Kampala, ghorofa ya pili. Chumba changu mwenyewe Bweyogerere kina ngazi moja tu, ila choo kiko nyuma ya ukuta, kimeinuliwa juu kama mimbari.

Mdogo wangu alianguka kutoka juu ya lori la mahindi mpakani, uti wa mgongo ukavunjika. Miguu haisikii. Katika wodi ile wengine walikuwa wameangushwa na bodaboda, wengine walianguka kutoka mwembeni au kwenye mfenesi, wengine kifua kikuu kilikuwa kimekula pingili za mgongo. Wodi ya pili kulikuwa na wazee wa kiharusi na wagonjwa wa sukari waliokatwa mguu. Kila mmoja alikuja na lake, lakini siku ya kuruhusiwa wote huulizwa swali moja: mnakwenda wapi?

Ninawaandikia nyinyi mnaolala kwenye mkeka chini ya kitanda cha mgonjwa na bado hamna jibu. Nitalinganisha njia nne: kurudi kijijini na kurekebisha nyumba, kukaa kwa ndugu mjini, kupanga chumba, na kwenda kwanza kituo cha utengamao, yaani mahali mgonjwa anapofundishwa upya kujihudumia. Kila moja nimeiona ikimfaa mtu, na kila moja nimeiona ikimrudisha mtu wodini.

Kwanza, tunapima kwa nini

Watu wengi huanza na mlango. Kiti cha magurudumu kitapita? Ni swali zuri, lakini mimi siku hizi naanza na choo. Mlangoni ndugu wawili wanaweza kumbeba mtu mara moja asubuhi na mara moja jioni. Chooni hakuna anayetaka kubebwa mara nne kwa siku, na hakuna ndugu atakayekubali kwa miezi sita bila kununa. Mtu asiye na choo anachoweza kukifikia hujifundisha kunywa maji kidogo. Mkojo unakuwa mzito, maambukizi yanaingia, homa inapanda, na mwezi wa pili mko tena kwenye foleni ya mapokezi. Tuliona wawili wakirudi hivyo, na nyumba zao zote mbili zilikuwa na milango mipana.

Basi vigezo vyangu ni vitano, kwa mpangilio huu: choo na maji, mlango na njia, mikono, yaani nani atasaidia na kwa muda gani, tiba, yaani umbali wa kufika kwa muuguzi, kwa vifaa na kwa mtaalamu wa viungo, mwisho pesa pamoja na haki ya kukaa, maana nyumba ya bure unayoweza kufukuzwa kesho ina bei yake.

Chukueni tepu ya fundi, mpime wenyewe, msipime kwa macho. Kiti cha magurudumu cha mtu mzima huwa na upana wa sentimita 60 hadi 70. Mlango uwe na uwazi wa sentimita 80 kwa uchache, na 90 ndiyo raha. Ili kiti kizunguke kinahitaji nafasi ya mita 1.5 kwa 1.5. Kiti cha choo kilingane kwa urefu na mto wa kiti cha magurudumu, karibu sentimita 45 hadi 50, ili mtu ajisogeze badala ya kupanda mlima. Njia ya mteremko hupigwa hesabu ya moja kwa kumi na mbili: kizingiti cha sentimita 15 kinataka mteremko wa mita 1.8, na ngazi tatu kama zetu, zenye jumla ya sentimita 45, zinataka mita 5.4. Fundi atakwambia mita mbili zinatosha. Mkalishe yeye kwenye kiti umsukume kwenye mita zake mbili, ataongeza mwenyewe.

Na kabla ya tepu, muulizeni mgonjwa. Sisi tulifanya vikao vitatu vya ukoo kuhusu mdogo wangu bila kumwita, naye alikuwa amelala umbali wa hatua kumi akitusikia.

Jambo la sheria nalimaliza hapa hapa. Uganda iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2008, na kifungu chake cha 19 kinasema mtu ana haki ya kuchagua aishi wapi na aishi na nani. Tunayo Sheria ya Udhibiti wa Ujenzi ya 2013 na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2020. Zitumieni mnapozungumza na mwenye jengo au na halmashauri. Lakini msikae wodini mkisubiri ofisi ya serikali iwape nyumba yenye mteremko na choo kipana.

Njia ya kwanza: kijijini

*Choo na maji.* Hapa ndipo penye kazi kubwa kuliko zote. Choo cha shimo cha kawaida kiko hatua ishirini au thelathini kutoka nyumbani, mlango wake sentimita 60, sakafu ya magogo na udongo, tundu la kuchuchumaa. Asiyeweza kuchuchumaa hana choo hapo, hata mkimbeba. Mna njia mbili. Ya kwanza ni kuchimba choo kipya karibu na chumba chake, mlango wa sentimita 90, sakafu ya saruji, na juu ya tundu mjenge kiti cha matofali kilicholainishwa vizuri, chenye vishikio pande zote mbili. Kilainisheni kweli kweli: ngozi isiyosikia ikikwaruzwa leo, kesho ni kidonda. Ya pili ni kiti cha mbao kilichotobolewa katikati, ndoo chini yake, kikae chumbani nyuma ya pazia. Fundi wetu alitoboa kiti cha kulia chakula kwa saa moja. Kinadharauliwa, na ndicho kilichotuokoa miezi ya kwanza. Maji yanatoka kisimani, kwa jerikeni za lita 20, na mtu mwenye ulemavu wa uti wa mgongo anatumia maji mengi kuliko mwingine yeyote nyumbani kwa sababu ya kuosha mikono, vifaa na mashuka. Mkipata pesa kidogo, mfereji kwenye bati na tangi la maji ya mvua ni bora kuliko rangi ya ukuta.

*Mlango na njia.* Kijiji kina kitu ambacho Kampala haina, nacho ni uwanja. Mita 5.4 za mteremko zinapatikana bila kumwomba mtu. Mteremko wa udongo ulioshindiliwa na kuzungushiwa matofali ni wa bei nafuu, ila mvua ya Aprili itaondoka na nusu yake, kwa hiyo funikeni juu kwa saruji mara mnapoweza. Angalieni pia aina ya kiti. Kile cha hospitali chenye vigurudumu vidogo mbele hukwama kwenye nyasi na murram. Kiti cha magurudumu matatu kilichotengenezwa kwa ardhi mbaya hupita. Kiulizeni kabla ya kuondoka hospitali, mkiwa bado mbele ya anayejua.

*Mikono.* Wiki ya kwanza mtakuwa na watu ishirini. Mvua ya kupanda ikianza, wote wako shambani, na anayebaki ni mama mzee au msichana aliyeacha shule. Nalisema kwa sababu nimeliona: binti wa darasa la sita akigeuka muuguzi wa kaka yake huku wazee wakisifu moyo wake. Kama mpango wenu unasimama juu ya mgongo wa mtoto, hamna mpango.

*Tiba.* Kituo cha afya cha daraja la tatu kipo kwenye kata, kinaweza kuosha kidonda na kutoa dawa za kawaida. Mtaalamu wa viungo mtamkuta kwenye hospitali kubwa. Ada katika vituo vya serikali zilifutwa mwaka 2001, lakini glavu, shashi na mipira ya mkojo mara nyingi mtanunua dukani, na nauli ndiyo inayouma. Taksi nyingi zinatoza kiti cha magurudumu kama abiria, zikikubali kusimama.

*Pesa na haki ya kukaa.* Matumizi ya mwezi ni madogo kuliko kwingine kote. Ila ulizeni ardhi ni ya nani. Chumba na choo mkivijenga kwenye kiwanja cha kaka mkubwa, siku kaka anaoa mke wa pili mazungumzo yanabadilika. Andikeni makubaliano, yasainiwe mbele ya wazee wa ukoo na mwenyekiti wa LC1, yaani wa baraza la kijiji. Kwa mwanamke aliyeolewa, jambo hili lina uzito mara mbili, kwani wapo wanaorudishwa kwa wazazi baada ya ajali, na kwa wazazi nako kaka wameshagawana vyumba.

*Inamfaa* mwenye hali iliyotulia, asiye na kidonda, anayejua kujihudumia mkojo wake, na mwenye watu wazima wawili wasio na safari.

Njia ya pili: kwa ndugu mjini

*Choo na maji.* Mara nyingi maji ya bomba yapo na choo kiko ndani. Bafu ndilo dogo, na linatumiwa na watu saba wanaowahi kazini. Mtu anayehitaji dakika arobaini chooni asubuhi atajikuta anaamka saa kumi ya usiku ili asimkere shemeji.

*Mlango na njia.* Inategemea bahati. Ghorofa ya pili bila lifti ni jela, hata ndani kukiwa na vigae na zulia. Kiti kinapanda, mtu anapanda, halafu hashuki tena hadi siku ya kliniki.

*Mikono.* Mjini watu wanatoka alfajiri wanarudi usiku. Mnaweza kuwa nyumba ya watu wanane na mchana mzima mgonjwa akawa na mtoto wa miaka minne na televisheni.

*Tiba.* Hapa njia hii inang'aa. Kliniki iko karibu, duka la vifaa liko karibu, na kukitokea jambo usiku bodaboda wa jirani ana namba ya simu ya mwenye gari.

*Pesa na haki ya kukaa.* Kodi hakuna, lakini wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Na asiyeweza kusimama mtampa jembe gani? Mjomba wetu hakusema neno baya hata siku moja. Sisi ndio tulianza kusikia mabaya kwenye namna sufuria zinavyowekwa. Dawa niliyoiona ikifaa ni kutaja tarehe tangu mwanzo: "Mjomba, tunaomba hadi mwisho wa Juni," na kuweka kitu mezani kila wiki, hata kama ni mkaa na sabuni. Bila tarehe, kila mtu anahesabu kimoyomoyo, na hesabu hazilingani.

*Inamfaa* anayehitaji miezi miwili au mitatu ya kliniki za karibu, na ndugu anayekaa nyumba ya chini. Ndugu wa ghorofani ampe mgonjwa nauli badala ya kitanda. Hiyo nayo ni heshima.

Njia ya tatu: chumba cha kupanga

Kwa Kiganda chumba kimoja cha kupanga huitwa muzigo. Sisi tunaoongea Kiswahili huwa tunacheka kidogo kwa hilo, halafu hatucheki tena, kwa sababu neno analoliogopa kila mgonjwa anayetoka wodini ni hilo hilo.

*Choo na maji.* Mabondeni, sehemu kama Bwaise, maji ya ardhi yako juu, kwa hiyo vyoo vya shimo hujengwa vikiinuliwa na vinapandwa kwa ngazi nyembamba zisizo na kishikio. Dalali atakuonyesha chumba safi cha chini, mlango mzuri, bei nzuri, na choo kiko pale juu. Msilipe kabla ya kuuliza choo. Chumba chenye choo na bafu ndani ni ghali zaidi, lakini mara nyingi ndicho pekee kinachowezekana. Tatizo lake ni mlango wa bafu, sentimita 60 au 65. Hila yake ni rahisi: ng'oeni mlango na fremu, mtundike pazia. Mnapata sentimita kadhaa, na mara nyingi ndizo zilizokuwa zinakosekana. Mwambieni mwenye nyumba kwanza, na mlango wake muuhifadhi.

*Mlango na njia.* Kampala ni vilima. Chumba cha chini kwenye mteremko mkali hakina tofauti kubwa na ghorofa ya tatu. Tafuteni juu ya kilima au kando ya barabara ya lami, si katikati ya mtaa wenye mitaro isiyofunikwa. Nendeni mkakitazame siku ya pili baada ya mvua kubwa. Baraza za vyumba vya mabondeni huinuliwa ili mafuriko yasiingie ndani, kwa hiyo pimeni urefu wake. Mteremko wa mbao unaowekwa asubuhi na kuondolewa usiku hukubaliwa na mwenye nyumba haraka kuliko wa saruji, nanyi mtahama nao.

*Mikono.* Huna ukoo. Una majirani, na ukuta mwembamba kati yenu. Nimewaona majirani wa muzigo wakifanya mambo ambayo shangazi wa damu alikwepa, lakini huwezi kuyaandika kwenye mpango. Lazima awepo mtu mmoja wa kulala naye chumba kimoja, kwa miezi ya kwanza.

*Tiba.* Unachagua mwenyewe umbali. Kukaa kilomita mbili kutoka hospitali hupandisha kodi na kushusha nauli. Pigeni hesabu ya vyote viwili pamoja, kwa idadi ya kliniki za mwezi. Kwetu sisi, chumba cha bei ya juu kilitoka nafuu hadi mwezi wa nne.

*Pesa na haki ya kukaa.* Hii ndiyo njia inayokula pesa kila mwezi. Lakini kodi inanunua kitu ambacho njia mbili za kwanza hazina: ufunguo wako. Sheria ya Mwenye Nyumba na Mpangaji ya 2022 inamzuia mwenye nyumba kupandisha kodi zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka, na inataka makubaliano ya thamani ya shilingi 500,000 au zaidi yawe ya maandishi. Andikeni humo mteremko, vishikio vya bafuni, na mlango uliong'olewa. Wenye nyumba wengine husita wakiona kiti. Wanaogopa kodi haitalipwa, au wanaogopa maneno ya mtaani. Nilijifunza kwenda na mdogo wangu mwenyewe akaongea. Kiti hakifichiki, na mwenye nyumba anayekataa siku ya kwanza amekuokolea mwezi.

*Inamfaa* kijana au mtu mzima mwenye mikono yenye nguvu, mwenye kazi ya kukaa au anayetaka kujifunza moja. Mdogo wangu alianza kutengeneza simu kwenye meza ndogo mlangoni, na wateja walimfuata hapo hapo barazani.

Njia ya nne: kituo cha utengamao kwanza

Hapa nitakuwa mfupi, kwa sababu kituo ni daraja tu. Hospitali ya CoRSU iliyoko Kisubi, kwenye barabara ya Entebbe, inajulikana kwa upasuaji wa mifupa na utengamao. Kwa watoto, Katalemwa Cheshire Home, upande wa barabara ya Gayaza, imefanya kazi hiyo kwa miongo mingi. Kuna na nyumba za masista sehemu mbalimbali.

*Choo, maji, mlango, njia:* vyote vimekwisha tengenezwa, na hapo pana mtego. Mtu anajifunza kwenye sakafu laini na choo chenye vishikio, anatoka akiwa hodari, anafika kijijini anakuta magogo. Mwambieni mtaalamu tangu siku ya kwanza nyumba ikoje. Mpelekeeni picha za choo kwenye simu, ili mgonjwa afanyie mazoezi kile atakachokikuta. *Mikono:* wapo wa kufundisha, lakini wengi watataka ndugu mmoja akae naye, naye ajifunze kugeuza, kunyanyua na kusafisha. *Tiba* iko mlangoni. *Pesa* hutofautiana, na foleni ipo; ulizeni gharama yote pamoja na chakula cha anayemhudumia. *Haki ya kukaa* hakuna, na isiwepo. Kituo kikigeuka makazi ya kudumu ya mtu mzima mwenye akili timamu, mahali fulani ukoo umemsahau.

*Kinamfaa* mgonjwa mpya ambaye bado hajui kuhama kutoka kitandani hadi kitini, na mtoto ambaye viungo vyake bado vinanyooshwa. Kinamfaa pia yeyote ambaye choo chake cha nyumbani bado hakijajengwa, mradi kijengwe kweli katika wiki hizo.

Kuchanganya

Wengi huchanganya, na sisi tulichanganya. Wiki tatu kwa mjomba hazikufaa kwa sababu ya ghorofa. Tukapanga chumba kwa miezi mitano, na wakati huo huo kaka yetu mkubwa akawa anajenga choo Busia. Kosa letu lilikuwa kumwachia fundi vipimo kwa simu. Alijenga mlango wa sentimita 90 kama tulivyosema, akaweka na kizingiti cha sentimita 20 "ili maji yasiingie".

Mkiweza, ombeni wodi iwaruhusu mgonjwa alale nyumba mpya usiku mmoja kabla ya kuruhusiwa rasmi, mwisho wa wiki. Usiku mmoja utawaonyesha yale ambayo tepu haionyeshi: taa iko mbali na kitanda, kitanda kiko juu kuliko kiti, mbu, na nani anayeamka kweli saa nane usiku. Anayelala bila kusikia mwili wake anahitaji kugeuzwa kila baada ya saa mbili hivi katika siku za mwanzo, na mchana akiwa kitini ajinyanyue kila dakika 15 hadi 30. Nyumba ambayo hakuna anayeamka haimfai, hata iwe na mteremko wa marumaru.

Kuhusu pesa za serikali, zijueni kwa matumizi yake. Ruzuku maalum ya taifa kwa watu wenye ulemavu hupewa vikundi kwa ajili ya biashara. Haijengi choo chako. Mpango wa Maendeleo wa Parokia (PDM; parokia hapa ni eneo la utawala, si la kanisa) umetenga asilimia 10 kwa watu wenye ulemavu, nao ni mkopo wa shilingi milioni moja kwa kaya. Wazee wa miaka 80 na zaidi wana shilingi 25,000 kwa mwezi za SAGE, ruzuku ya serikali kwa wazee. Mlango wa kuzifikia zote ni diwani anayewakilisha watu wenye ulemavu kwenye kata yenu. Kila halmashauri ina wawili, mwanamume na mwanamke, na wengi wao hawajawahi kufika wodini. Chama cha NUDIPU, chama cha kitaifa cha watu wenye ulemavu kilichoanzishwa mwaka 1987, kina miungano yake wilayani, na humo mtampata mtu anayetumia kiti katika wilaya yenu hiyo hiyo. Saa moja na mtu huyo ilitusaidia kuliko karatasi zote tulizopewa.

Kwa hali yako

Mgongo umevunjika, mikono ina nguvu. Kituo kama nafasi ipo, kisha chumba cha chini karibu na kazi. Kijijini baadaye, akitaka mwenyewe na choo kikiwa tayari. Kabla ya lolote, awe anaweza kujiwekea mpira wa mkojo mwenyewe kila saa nne hadi sita, kwa mikono safi.

Shingo imevunjika, mikono haishiki. Hapa nawasihi msikimbilie mbali. Mtu aliyeumia shingoni au juu ya kifua anaweza kupandishwa presha ghafla kwa sababu ndogo kama kibofu kilichojaa au mpira uliojikunja: kichwa kinamuuma vibaya, uso unatoa jasho. Akalishwe wima mara moja, mpira ukaguliwe, na kama haishuki apelekwe hospitali. Kwa hiyo nyumba yenye watu wazima wawili na gari la kukodi karibu ndiyo ya kwanza, hata kama mlango wake ni mbaya. Mlango utavunjwa.

Mzee wa kiharusi. Miezi ya kwanza ndiyo mwili hurudisha nguvu zaidi, basi akae kwa mwanawe wa mjini aliye nyumba ya chini, afuate mazoezi, kisha arudi kwake. Vishikio viwekwe upande wa mkono unaofanya kazi. Mafundi huweka upande wa ukuta ulio karibu. Wazee wengi hawatulii mjini, na mzee anayekataa kula kwa kukumbuka shamba lake naye tumsikilize.

Aliyekatwa mguu. Ngazi mbili tatu zenye kishikio atazimudu kwa magongo. Kinachomwangusha ni sakafu ya bafu yenye sabuni. Kijijini kunamfaa mapema, mradi tarehe za kupima mguu wa bandia zisipotee.

Mtoto. Ulizeni shule kabla ya nyumba. Chumba kidogo karibu na shule yenye choo anachokifikia kinashinda nyumba kubwa ya bibi.

Mwanamke mwenye watoto, mume hayupo au hajulikani atarudi. Kupanga kwa jina lake mwenyewe, hata chumba kimoja, kunampa msimamo. Akirudi kwa wazazi, makubaliano yaandikwe kabla mizigo haijashushwa.

Mkimbizi kutoka Kongo aliyetibiwa Kampala. Mjini atajitegemea kwa karibu kila kitu. Kwenye makazi ya wakimbizi kama Nakivale au Kyaka II kuna utaratibu wa watu wenye mahitaji maalum, ambao hufikiriwa kwanza wakati wa kujengewa makazi. Aende na barua ya daktari inayotaja kiti na choo kwa maneno, isiseme "mlemavu" tu, na aombe kiwanja kilicho karibu na maji na barabara.

Asiye na mtu. Wapo, na kila wodi ina mmoja ambaye ndugu walikwenda "kutafuta nauli". Huyu asiondoke na barua ya kuruhusiwa mkononi bila afisa wa ustawi wa jamii wa hospitali kuwa amempigia simu mwenyekiti wa LC1 wa kwao na diwani wa watu wenye ulemavu, na kupata majina ya watu wawili watakaompokea. Kama wewe ni ndugu wa kitanda cha pili, unaweza kuwa ndiye wa kumkumbusha afisa huyo. Nenda asubuhi, kabla foleni haijawa ndefu.